Sensa na limiti swichi zinasumbua kiwandani: anza na dalili kabla hujanunua mpya

Hii naiandikia mafundi wenzangu na waendesha mashine wa huku kwetu Dodoma, Kizota, Nala, Kibaigwa mpaka Singida kule kwenye alizeti, wale ambao kila siku wako na konveya, eleveta za nafaka, mashine za kujaza mafuta na za kufungasha unga. Kuna kitu kinajirudia sana na kinaniuma. Mashine inasimama, skrini inaandika sensa fulani (kile kifaa kinachohisi kama kitu kimefika) haijaona, fundi anaing'oa hapohapo, mjini wanamwambia ya aina hiyo hamna mpaka iagizwe Dar, kiwanda kinalala siku mbili na mizigo ya watu imejaa uani, sensa mpya inakuja inafungwa, tatizo liko palepale. Ile ya kwanza imeshatupwa na ilikuwa nzima kabisa. Sensa nyingi ninazokuta zimetupwa hazijafa, zilifunikwa na vumbi, au zilisogea, au waya wake ulikatika ndani kwa ndani.

Nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwanza, afu sababu kuanzia inayotokea sana mpaka ya nadra.

Kabla hujagusa chochote

Zima umeme wa mota, funga swichi kuu ya mota kwa kufuli, ufunguo weka mfukoni mwako wewe, sio juu ya paneli. Hewa ya kompresa nayo itoe, maana watu wengi wanazima umeme wanasahau hewa na silinda bado ina nguvu. Sababu ya kusisitiza hivi ni hii: ukipitisha bisibisi mbele ya sensa ili uone kama inawaka, na mashine iko kwenye auto, PLC (ile kompyuta ndogo ya kwenye paneli inayoamuru mashine) inaamini kopo limefika na inaamuru silinda ishuke, mkono wako uko pale chini. Haijali ni kopo au ni bisibisi yako. Unachohitaji kubaki nacho ni ile volti 24 ya kontroli tu ili taa ziwake.

Afu angalia taa mbili. Moja iko mgongoni mwa sensa, nyingine iko kwenye PLC pale waya wa hiyo sensa unapoingia. Weka chuma (au mahindi, au kopo, kulingana na sensa) mbele yake. Taa ya sensa isipowaka, tatizo liko kwenye sensa, umeme wake au umbali. Ya sensa ikiwaka na ya PLC haiwaki, tatizo liko njiani, kwenye waya au aina ya sensa. Zote mbili zikiwaka, iache hiyo sensa, haina kosa, mashine inasubiri kitu kingine. Hapa tu nusu ya kazi imeisha na hujafungua hata nati moja.

Dalili: taa ya sensa haiwaki hata ukiweka kitu mbele yake

Sababu namba moja ni umbali. Sensa za chuma, zile za induktivu ambazo madukani wanaziita proksimiti, zinaona karibu sana kuliko watu wanavyodhani. Ya uzi wa M12 (yaani unene wa milimita 12) ya kuzamishwa kwenye chuma ya kawaida inaona milimita 2, M18 milimita 5, M30 milimita 10. Zipo zinazoona mbali zaidi kwaio soma ubavuni. Hizo namba zenyewe ni kwa chuma cha kawaida tu. Ukiweka chuma kisichoshika kutu unabaki na kama asilimia 70 ya umbali huo, alumini au shaba nyeupe unashuka mpaka kama asilimia 40. Kwaio M18 yako ya milimita 5 mbele ya alumini inaona kama milimita 2, na mtu alibadilisha kibati cha chuma kinachopita mbele ya sensa akaweka cha alumini kwa sababu kinapendeza na hakishiki kutu, afu anashangaa sensa imekufa siku hiyohiyo.

Niliwahi kuitwa kwenye mashine ya kufunga vifuniko vya dumu za mafuta, wamebadilisha sensa mara mbili. Kijana anayeiendesha akaniambia, "Fundi, hata hii mpya haioni." Nikaingiza kipande cha chuma kati ya sensa na kibati, taa ikawaka palepale. Nikapima nafasi, milimita 7 na sensa ni ya 5. Nati za bracketi zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko, na kila aliyebadilisha sensa alifunga mpya hapohapo ilipokuwa imelala ile ya zamani. Nikaisogeza mpaka milimita 3 na nusu, nikafunga nati mbili zikibanana, nikachora alama kwa rangi kwenye uzi ili ikisogea tena mtu aone kwa macho. Ukiseti usiende mpaka mwisho wa uwezo wa sensa, ya milimita 5 iweke 3 au 4, maana joto na mtikisiko vinakula hiyo nafasi iliyobaki. Ila usiibananishe mpaka kibati kikawa kinaigonga, uso wake ni plastiki, ukipasuka na maji yakaingia hapo ndo imekufa kweli.

Sababu ya pili, umeme haufiki. Pima kati ya waya wa kahawia na wa bluu, kahawia ndo chanya, bluu ndo sifuri, nyeusi ndo inayotoa taarifa, na ikiwepo nyeupe mara nyingi ni taarifa ya kinyume. Ukikosa volti 24 rudi nyuma: koneka imelegea, fyuzi ndogo kwenye paneli imekatika, au panya. Panya wa kwenye maghala ya nafaka wanapenda sana kebo, unakuta kebo nje inaonekana safi kumbe nyuma ya trei wameimega mpaka kwenye kopa.

Sababu ya tatu ndo sensa yenyewe. Ichomoe uijaribu mezani: betri mbili za volti 9 ukiziunga mfululizo unapata 18, na sensa nyingi za waya tatu zinafanya kazi kuanzia volti 10 mpaka 30. Chanya kwenye kahawia, hasi kwenye bluu, lete chuma mbele. Taa isipowaka, sasa nenda dukani ukiwa na uhakika. Ile ya waya mbili usiijaribu hivi, lazima iwe na mzigo, relei ndogo (swichi inayovutwa na umeme) au kitu kama hicho kiungwe nayo mfululizo. Ukiipa umeme moja kwa moja bila mzigo unaweza kuiua palepale mkononi.

Dalili: taa ya sensa inawaka vizuri lakini PLC haioni

Kinachoongoza hapa ni waya kukatika au kulegea. Vuta taratibu kila waya kwenye terminali, ukitoka mkononi umeshapata jibu.

Baada ya hapo ni aina. Kuna PNP na NPN, na dukani zinafanana kama mapacha. PNP ikiona kitu inatoa chanya kwenye waya mweusi, NPN inauvuta waya mweusi kwenda sifuri. PLC iliyofungwa kwa PNP haisikii NPN hata kidogo, taa ya sensa itawaka na kuzima vizuri tu na wewe utazunguka siku nzima. Kupima: kwa PNP weka mita kati ya bluu na nyeusi, ikiona kitu usome karibu na 24, labda 22 na kidogo. Kwa NPN pima kati ya kahawia na nyeusi, ikiona kitu usome hivyohivyo. Dukani usiende kuomba "proksimiti ya M18" peke yake, nenda na ile ya zamani mkononi, au piga picha maandishi yote ya ubavuni mpaka herufi ya mwisho.

Nadra zaidi, mlango wa PLC wenyewe, pale waya wa sensa unapoingia, umeungua. Hamisha waya kwenye mlango mwingine ambao hautumiki uone kama taa ya pale itawaka. Ni kwa kupima tu, ukiuacha huko programu haiujui.

Dalili: sensa imeganda, inasema kitu kipo wakati hakipo

Hapa vumbi ndo mwenyeji. Sensa za kapasitivu zile tunazoweka kwenye hopa kujua kama nafaka imefika zinaona karibu kila kitu, mahindi, pumba, mafuta, maji, hata unga ulioganda usoni kwake. Kinu kimoja cha sembe njia ya Kibaigwa mama mwenye mashine alinipigia asubuhi, namsalimia shikamoo hajamaliza hata kuitikia, "Mwanangu hopa tupu kabisa lakini mashine inasema imejaa, toka jana jioni hatujasaga hata debe." Nikapanda, nikakuta uso wa sensa una ukoko kama wa chini ya sufuria ya ugali. Ilikuwa masika, unga umeloa unyevu ukakauka juu yake tabaka kwa tabaka. Kitambaa kikavu tu, taa ikazima. Usikwangue na kisu.

Baada ya kufuta ndo unaseti, hopa ikiwa tupu geuza kile kiskrubu kidogo cha nyuma kupunguza mpaka taa izime, punguza kidogo tena, afu funika uso kwa mahindi yenyewe uone inawaka. Mahindi mabichi na mahindi makavu haviko sawa kwake, ukiseti na makavu mwezi wa nane, mvua zikianza mahindi yenye unyevu yataisumbua tena.

Kwa zile za chuma, kuganda mara nyingi kunaletwa na takataka za chuma zilizojikusanya usoni, au mtu alinunua ile ya kuchomoza akaizamisha kwenye tundu la bracketi ya chuma, kwaio inaona bracketi yake yenyewe muda wote. Utaijua, ya kuchomoza ina kofia ya plastiki inayoonekana imetoka nje ya chuma, ya kuzama chuma chake kinafika mpaka usoni. Sensa mbili zikiwekwa bega kwa bega nazo zinachanganyana, ziachanishe.

Ikiwa sensa ni ya waya mbili kuna jambo lingine, hata ikiwa haioni inaachia umeme kidogo upite, na PLC nyingine zinausoma huo kama ndiyo. Utaona taa ya PLC inawaka hafifu au haizimi. Dawa ni resista kati ya mlango wa PLC na sifuri, ukubwa wake uangaliwe na mtu anayejua hesabu zake, au badili uweke ya waya tatu.

Dalili: inashika na kuachia, leo sawa kesho hapana

Hii ndo inayochosha kuliko zote, na ndo inayofanya watu wabadilishe sensa tatu kwa wiki.

Anza na kebo inayotembea. Kama sensa iko kwenye mkono unaokwenda na kurudi, waya unakatika ndani na ganda linabaki zima. Shika kebo sentimita chache kutoka kwenye sensa uikunje huku na huku mtu mwingine akiangalia taa, kila hatua chache rudia mpaka kwenye paneli. Taa ikichezacheza umepata mahali. Usiunge kwa kusokota na selotepu, sehemu inayotembea badilisha kebo nzima, na uache nafasi ya kujikunja, isivutwe kamba.

Inayofuata ni umbali ulioko ukingoni, nimeshaeleza juu, mashine ikipoa inaona, ikipata moto beringi iliyolika inayumbisha shafti na haioni tena.

Afu jua. Hili kwa Dodoma lichukulieni kwa uzito. Kuna sehemu ya kufungasha, mashine ilikuwa inasimama kila siku saa kumi na moja jioni, inasumbua kama nusu saa afu inatulia. Walibadilisha sensa ya mwanga, wakabadilisha saplai, wakasema ni umeme wa jioni unashuka. Nikakaa pale saa kumi nikasubiri. Mlango mkubwa unatazama magharibi, jua likishuka linaingia mpaka ndani na linapiga moja kwa moja kwenye jicho la sensa. Nikachana boksi nikaweka kivuli, mashine ikaondoka. Baadaye tukageuza, kioo kinachorudisha mwanga kikaja upande wa sensa na sensa ikahamia upande wa kioo, mpaka leo iko hivyo. Kwa sensa za mwanga fanya na usafi, kiangazi kuanzia mwezi wa sita huku upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya paneli, jicho na kile kioo vyote vifutwe kila zamu kwa kitambaa laini. Ukifuta jicho ukaacha kioo hujafanya kitu.

Volti 24 inayoyumba pia inaleta hii. Weka mita kwenye saplai mashine ikiwa inafanya kazi uangalie pale valvu za hewa zinapopiga kwa pamoja. Ikishuka mpaka 18 au 17, saplai imezidiwa au imezeeka, mara nyingi kwa sababu kila mwaka mtu anaongeza kitu kimoja hapohapo.

Mwisho ni kelele za umeme. Kebo ya sensa ikilala trei moja na kebo ya mota inayoendeshwa na inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota), sensa inatoa taarifa za uongo. Zitenganishe, zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba. Na wanaochomelea, tafadhali sana, klampu ya ethi iwe karibu kabisa na unapochomea, na chomoa koneka za sensa kwanza, maana ule umeme wa kuchomelea ukipita kwenye mwili wa mashine unaondoka na sensa na PLC kwa mkupuo.

Limiti swichi zile za mkono

Hizi ni swichi zinazogongwa na sehemu ya mashine ikifika mahali pake. Ni za zamani na mi naziheshimu, hazina elektroniki, ukizitunza zinadumu. Zinavyosumbua: mkono umepinda au kigurudumu kimelika hivyo haufiki mwisho. Usukume kwa kidole mpaka usikie ile "tak". Tak ikitoka na mashine ikaona, swichi ni nzima, rekebisha mkono au kile kinachokuja kuugonga.

Tak ikitoka na mashine haioni, zima umeme, fungua kifuniko, pima kontakti kwa mita. Namba zinazoishia na 1 na 2 zimefunga kawaida, 3 na 4 ziko wazi kawaida, ukibonyeza zinabadilishana. Ukikuta ndani kuna unyevu au kutu, angalia kebo inapoingilia, igeuze iingie kwa chini na ifanye mkunjo kabla ya kuingia ili maji yadondoke, hasa sehemu zinazooshwa kila siku kama kwenye kusindika zabibu. Na hili wengi hawalijui: swichi iliyotengenezwa kukata umeme mkubwa ukiifunga kwenye PLC inapitisha umeme mdogo mno, miliampia chache, kontakti zikishika utando haupenyi. Kwa PLC tafuta yenye kontakti za dhahabu.

Kontakti zikigandana kabisa, sababu mara nyingi ni kwamba swichi inaendesha koili ya kontakta kubwa (swichi ya kuwashia mota) moja kwa moja. Badilisha, na uweke relei katikati.

Sensa za kwenye silinda ya hewa

Mara nyingi imeteleza tu kwenye mfereji wake. Endesha silinda mpaka mwisho, telezesha sensa mpaka iwake, endelea mpaka izime, rudisha katikati ya hizo alama mbili, kaza. Kaza kidogo, zinapasuka.

Hapa simama, ita mtu

Swichi ya mlango wa kinga na kitufe chekundu cha dharura usiviweke dairekti (kuviruka kwa waya), hata kwa dakika tano, hata bosi akisema mzigo unatakiwa leo. Kama ndo vinavyozuia mashine kuwaka, mashine isiwake. Na usibadilishe swichi ya kinga kwa proksimiti ya kawaida, ya kinga imetengenezwa ili hata kontakti zikigandana mlango wenyewe ukifunguka unazilazimisha ziachane.

Eleveta ya nafaka, zile sensa zinazoangalia mkanda kwenda pembeni na mzunguko kupungua, usizipite. Mkanda ukisugua bati unapata moto, na vumbi la unga likiwa hewani linalipuka. Na sensa zinazokaa mule ndani ziwe za kuhimili mazingira ya vumbi linalolipuka, imeandikwa ubavuni, usiweke ya kawaida kwa sababu uzi umeingia.

Winchi na limiti ya juu ya ndoano: ikigoma, mzigo ushushwe, winchi ifungwe mpaka aje mtu wa winchi. Boila vilevile, swichi ya maji na ya presha sio za kujaribia.

Ukisikia harufu ya kuungua kwenye paneli, au sensa mpya imekufa ndani ya siku moja, au unatakiwa kupima upande wa volti 400 na huna leseni ya kazi hiyo, simama. Na programu ya PLC usiiguse kama huna nakala yake.

Ukimpigia huyo mtu usimwambie "sensa haifanyi kazi", atakuja mikono mitupu. Mwambie namba ya mlango wa PLC, taa ya sensa ikoje na ya PLC ikoje, volti ulizosoma kati ya kahawia na bluu, maandishi yote ya ubavuni kwa picha, inatokea saa ngapi na nini kilibadilishwa siku ya mwisho kabla haijaanza. Akiwa Morogoro au Dar atajua abebe nini kabla hajapanda gari.